Akiba Inayooza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo lina hekima, ingawa mwenye ghala la mahindi aliyepata kutembelewa na fukusi huenda alikuwa na shaka nalo tangu zamani. Maana yake si kwamba kitu kilichowekwa hakiharibiki kamwe. Maana yake ni kwamba jitihada ya mtu anayeweka leo kwa ajili ya kesho haipotei bure. Lakini watu wengi wamelisikia neno hilo kwa namna nyingine, kwamba kuweka ni kumaliza kazi. Mtu akisha kuweka hujiona ameagana na wajibu wake. Kosa hilo hujificha katika mambo mengi, wala si rahisi kupata mahali linapoonekana waziwazi zaidi kuliko ndani ya chombo kimoja cha mafundi wa muziki, ambacho sehemu kubwa ya kumbukumbu yake hutegemea betri ndogo yenye umbo la sarafu.

Kazi ya chombo hicho ni kugeuza sauti. Mwimbaji huimba katika chumba kidogo chenye mazulia na mapazia, sauti yake ikatoka kavu. Chombo huipokea, kikaipa mwangwi wa ukumbi mkubwa, au kikairudisha kwa kuchelewa kidogo kama inavyorudi ikigonga mlima, au kikaitikisa na kuinenepesha hata mtu mmoja akasikika kama wengi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vyumba vya kweli vilivyotengwa kwa ajili ya mwangwi, kwa mabamba makubwa ya chuma yaliyotundikwa, na kwa utepe wa sumaku. Katika miaka ya 1970 na 1980 hesabu za tarakimu zilichukua mahali pa chuma na utepe. Mwaka 1985 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa chombo kiitwacho SPX90, ambacho bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya vyombo vikubwa vilivyokitangulia, kwa hiyo kiliingia katika studio nyingi ndogo na katika mizigo ya bendi za safari. Vingi vingali vikifanya kazi, na mafundi wengine huvitafuta hata leo kwa ladha ya sauti zake.

Chombo hicho kina programu 90. Za kwanza 30 zilitiwa kiwandani, nazo zimechongwa katika kumbukumbu isiyofutika: umeme ukikatika mwaka mzima, ukirudi zitakutwa kama zilivyokuwa. Nafasi 60 zilizosalia ni za mtumiaji. Mtumiaji huchukua programu ya kiwandani, akaongeza urefu wa mwangwi kwa sehemu ya sekunde, akapunguza makali ya sauti za juu, akaubadili muda wa kuchelewa, kisha akaipa matokeo yake jina na kuyahifadhi. Kwa hiyo katika chombo kimoja zimo kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kuzaliwa, nayo ni moja kwa vyombo vyote vya aina hiyo duniani. Ya pili ni ya malezi, nayo haipatikani popote ila katika chombo kile kimoja. Na ile isiyo na mfano wake mahali pengine ndiyo iliyo dhaifu.

Udhaifu wake una sababu. Kila alama katika kumbukumbu ya pili ni hali ya swichi ndogo mno, imefungwa au imefunguliwa, na hali hiyo hudumu kwa muda ule tu umeme unapoishikilia. Umeme wa ukutani ukiwapo, kazi ya kuishikilia hufanywa nao. Chombo kikizimwa, betri hupokea zamu. Aghalabu betri yenyewe ni ya lithiamu, ya aina ya CR2032 au jamaa zake. Tarakimu hizo hutaja kipimo chake, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Kiasi cha umeme kinachotakiwa ni kidogo sana hata betri moja huweza kukitoa kwa miaka mingi. Nyingi zimevuka miaka 10, na nyingine miaka 20.

Hapo pana mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo yanayolitoa jambo hili katika ufundi na kulitia katika maadili.

Jambo la kwanza ni kwamba betri ya lithiamu haizeeki mbele ya macho ya watu. Betri za aina nyingine hushuka nguvu polepole, na anayezipima huona safari yao. Hii hushikilia volti zake karibu na 3 kwa sehemu kubwa mno ya maisha yake, kisha mwishoni huanguka kwa haraka. Mtu akiipima leo akakuta volti 3, hajui kama imebakiza miaka mingi au miezi michache. Kumbukumbu nayo haififii. Programu haisikiki hafifu zaidi mwaka huu kuliko mwaka uliopita, wala herufi za jina lake hazipotei moja moja. Zote huwa timamu hadi volti zinapopungua kiasi cha kushindwa kuzishika swichi, yapata volti 2 katika chipu nyingi za namna hiyo. Baada ya hapo, siku chombo kinapowashwa, mahali pa majina pana herufi zisizosomeka.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Betri hutumika chombo kinapozimwa, wala haitumiki kinapowashwa. Basi chombo kinachofanya kazi kila siku huihifadhi akiba yake, na kile kilichofunikwa kwa kitambaa na kuwekwa kabatini ndicho kinachoila. Tena betri huchakaa yenyewe hata ikiwa haitumiki, kiasi cha sehemu 1 katika 100 kwa mwaka, kwa hiyo hata mwenye bidii hawezi kuikomesha hasara yote. Lakini tofauti ipo, na inapingana na desturi ya watu. Mtu anayekiheshimu kitu hukitenga kisiguswe, akadhani kwamba kukitumia ni kukichakaza. Hapa heshima ya namna hiyo huharakisha msiba.

Jambo hilo si geni kwa walimu wa chuoni katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kijana aliyehifadhi Kurani yote huambiwa siku ileile ya furaha yake kwamba sasa kazi imeanza, kwa maana asiyerudia husahau. Kuhifadhi, kwa watu hao, hakukuwa kamwe jina la tendo lililokwisha. Ni jina la tendo linaloendelea, la kila siku, mpaka kaburini. Mwenye chombo cha umeme alitolewa mzigo huo na betri kwa muda, naye akadhani ametolewa kwa milele. Tofauti kati ya watu hao wawili haimo katika ubora wa vichwa vyao. Mmoja huusikia uzito wa kumbukumbu yake kila alfajiri, na mwingine ameukabidhi kwa mtumishi asiyelalamika.

Mtumishi asiyelalamika ni hatari, na historia ya ala za umeme ina mfano mchungu kupita huu. Kinanda cha Korg Polysix, kilichotolewa mwaka 1981, kilikuwa na betri ya aina ya zamani iliyojazwa umeme na chombo chenyewe. Baada ya miaka, betri hizo zilivuja, na ute wake ukaila shaba ya ubao uliozibeba. Mlinzi aliyewekwa kulinda kumbukumbu akaibomoa nyumba. Betri za lithiamu za umbo la sarafu haziugui sana ugonjwa huo, nazo zastahili kusifiwa kwa hilo.

Swali la maadili laanzia hapa. Na iwe mfano: kundi la muziki lilikuwa na fundi wake wa sauti, ambaye kwa miaka mingi alimtengenezea kila mwimbaji programu yake. Fundi akafa. Chombo kikatiwa kabatini, kwanza kwa heshima, kisha kwa mazoea, mwisho kwa kusahauliwa. Siku moja chapelekwa kwa fundi mwingine, kijana, kwa kuwa kitufe kimoja kimekwama. Kijana afungua kifuniko akute betri ya kiwandani ingali mahali pake, na umri wake umepita miaka 30. Akiwasha, programu zote zipo. Ametumwa kitufe, juu ya betri hakuambiwa neno. Atende nini?

Wako watakaosema atengeneze kitufe na kufunga kifuniko. Hoja yao si nyepesi. Kubadili betri maana yake ni kuing'oa ya zamani, na kati ya kuing'oa na kuitia mpya swichi zile hazina wa kuzishikilia. Akiigusa na programu zikapotea, zimepotea kwa mkono wake. Akiiacha zikapotea mwaka ujao, zimepotea kwa mkono wa wakati, na wakati haushitakiwi. Hata katika sheria ya Kiislamu mtu aliyewekewa amana halipi kilichopotea pasipo uzembe wala ukiukaji wake. Kijana huyu alipewa chombo kwa ajili ya kitufe, na kitufe kimepona.

Hoja hiyo ingesimama kama kijana asingaliona. Kabla ya kufungua kifuniko alikuwa mgeni katika habari hii. Baada ya kufungua ana elimu ambayo wenye chombo hawana, na elimu hiyo yahusu hasara yao. Uzembe, katika jambo lisilotoa dalili, hauwezi kupimwa kwa dalili. Hupimwa kwa kile ambacho mtu alikijua. Kumnyamazia mwenye nyumba kwa sababu aliita fundi wa mlango wala si wa paa, na fundi amekwisha kuuona mti wa paa umeliwa na mchwa, ni unyamavu ambao hakuna anayeupenda akitendewa yeye.

Lakini haifuati kwamba ana ruhusa ya kushika chuma cha kulehemu mara moja. Upande wa pili wa kosa ni wa mafundi hodari, nao ni wengi kuliko wazembe. Fundi hodari huona ubaya akauondoa bila kuuliza, akitegemea shukrani. Akifaulu, hakuna anayejua kwamba kitu cha watu kilikuwa hatarini kwa nusu saa bila idhini yao. Asipofaulu, husema betri ilikuwa ya zamani mno. Tendo la kwanza linalompasa kijana ni la ulimi. Awaambie wenye chombo kilichomo, umri wake, na kwamba kukiacha na kukigusa kote kuna hatari, ila ya kukiacha haina shaka isipokuwa ya tarehe.

Wakimruhusu, adabu ya kazi yenyewe ni somo. Betri hizo aghalabu hazikuwekwa katika kishikio. Zimelehemiwa kwa vipande vya bati. Mwenye haraka hulehemu betri mpya juu ya uso wake, na joto huweza kuipasua. Mwenye subira hununua iliyokwisha kutiwa bati, au huweka kishikio ili atakayekuja baadaye asihitaji lehemu. Wengine hubadili betri chombo kikiwa kinawaka, ili umeme wa ukutani ushikilie swichi wakati wa zamu tupu. Njia hiyo huokoa programu na kuhatarisha fundi, maana ndani ya kasha mna volti 230 au 240 katika nchi nyingi, na ncha ya chuma ikiteleza yaweza kuharibu saketi nzima. Wengine huunganisha betri ya pili kando ya ile ya zamani, nao wenye busara hutia diodi, ili mpya isiisukumie umeme ile inayokufa. Na betri iliyotolewa huwekwa mbali na watoto, kwa kuwa ikimezwa huchoma koo na huweza kuua. Si haki kuokoa mwangwi wa mtu kwa gharama ya mtoto wa mtu.

Hizi zote ni njia za kuvuka. Njia iliyo bora ni kutolazimika kuvuka. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema Waswahili. Na daftari hapa linaweza kuwa daftari la kweli. Programu ya mtumiaji ni jina na idadi ya tarakimu zinazosomeka katika kioo kidogo cha chombo. Mtu akikaa na kalamu akaziandika zote 60, kazi ya mchana mmoja au miwili, betri yaweza kung'olewa bila tetemeko la moyo. Vyombo vingi vya aina hii vina pia mlango wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimesemezana kwayo tangu mwaka 1983, na kwa mlango huo kumbukumbu yaweza kupelekwa kwa kompyuta na kurudishwa. Vyombo vilivyokuja baadaye vilipewa kumbukumbu ya namna nyingine, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliieleza hadharani mwaka 1984, isiyohitaji betri kuishikilia. Hata hiyo haikuahidiwa umilele. Chaji zake huvuja polepole, na watengenezaji huidhamini kwa miaka, si kwa karne.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, amesimulia habari ya Theuth wa Misri aliyemletea mfalme Thamus zawadi ya maandishi, akisifu kwamba yatawapa watu kumbukumbu. Mfalme alikataa sifa hiyo, kwa kuona kwamba watu watategemea alama zilizo nje yao na kuacha kukumbuka kwa ndani. Wasomi hutaja kisa hicho kila chombo kipya kinapozuka, na mara nyingi humtendea mfalme isivyo haki kwa kumfanya adui wa kalamu. Shaka yake ilikuwa juu ya kitu halisi, na kijana mwenye daftari atakutana nacho kabla hajafika programu ya kumi.

Maana ataona kwamba programu mbili zina majina mawili na karibu zinafanana. Moja ina mwangwi wa sekunde 2.4, nyingine wa sekunde 2.3, na mengine yote ni sawasawa. Kwa nini marehemu alitumia nafasi nzima kwa sehemu ya kumi ya sekunde? Pengine mwimbaji mmoja alikuwa na desturi ya kuvuta mwisho wa maneno, na mwangwi mrefu ulimfunika. Pengine ukumbi mmoja waliouzoea ulikuwa na mwangwi wake wenyewe, ikabidi wa chombo upunguzwe. Pengine alisahau tu kufuta jaribio. Daftari litaokoa 2.3 na 2.4 kwa uaminifu kamili, wala halitaokoa sababu. Chombo nacho hakikuwa nayo. Betri ililinda kwa miaka 30 jibu la swali ambalo halikuandikwa popote, na swali lilikuwa katika sikio la mtu mmoja.

Kwa hiyo kunakili, kama ni uaminifu, hakuishii katika tarakimu. Kijana akipenda kuitendea haki amana hiyo atawasha chombo mbele ya waimbaji waliosalia, apitishe sauti zao ndani ya programu moja baada ya nyingine, na kuuliza. Mmoja atakumbuka. Mwingine atakumbuka vibaya, na watabishana. Kando ya jina la programu kijana ataandika yale waliyokubaliana na yale waliyobishania, na kurasa hizo zitakuwa na thamani ambayo betri haikuwa nayo hata ilipokuwa mpya. Kazi hiyo nayo ina muda wake, kwa maana waimbaji hawakai miaka 30 wakingoja, na nguvu zao hazishuki kwa ratiba inayosomeka katika mita.

Yako maoni ya tatu, na yasipuuzwe kwa kuwa yana uzuri. Wako wanaosema, acheni zife. Muziki ni kitu cha kupita. Fundi mpya atengeneze programu zake kwa sikio lake, na programu 30 za kiwandani zipo kumwanzisha. Kusahau kumewaokoa wanamuziki wengi na utumwa wa kuiga wazee wao. Maneno hayo ni ya kweli kwa mtu anayesahau kwa kuamua. Mwanamuziki anayezisikiliza programu za mtangulizi wake, akazipima, kisha akazifuta ili apate nafasi, ametenda tendo la kiungwana, hata kama wengine watasikitika. Betri inapoisha ndani ya kabati hakuna aliyepima wala aliyeamua. Kuiita hali hiyo uhuru wa sanaa ni kuupa usingizi jina la fikira. Zaidi ya hayo, watetezi wa kusahau hukutwa mara nyingi ni watu ambao mambo yao wenyewe yamenakiliwa mahali pawili.

Swali la nani mwenye programu hizo lingalipo, na pengine halina jawabu moja. Kasha ni la kundi, halina mgogoro. Tarakimu zilitoka katika busara ya marehemu, zikatengenezwa kwa sauti za waimbaji, juu ya hesabu za wahandisi wa Japani. Akitokea mtoto wa marehemu akataka nakala, atanyimwa kwa hoja gani? Na kundi likiuza chombo, je, laweza kumwuzia mgeni programu yenye jina la mwimbaji aliye hai? Mafundi wa mitumba huvifuta vyombo kabla ya kuviuza, na wengi hufanya hivyo kwa usafi tu, kama anayefua shati la mnunuzi. Huenda katika kufua huko wameshafuta kazi za mikono mingi iliyostahili angalau kuulizwa.

Kijana wa mfano huu, akisha kupata idhini, akisha kunakili na kuwasikiliza wazee, kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Atazima chombo, achomoe waya wa ukutani, angoje kapasita zipoe, atoe ya zamani, atie kishikio, aangalie upande wa chanya mara mbili, aweke mpya, arudishe programu na kuzisikiliza. Kisha atakata kipande cha karatasi, aandike aina ya betri na mwezi na mwaka alioitia, na mahali daftari lilipo, akibandike upande wa ndani wa kifuniko, atakapokiona mtu mwingine aliyetumwa kutengeneza kitufe.